Je, sarafu hii ya platinamu ni adimu?

SWALI: Naishi Marekani. Muuzaji ananiuzia sarafu ya platinamu ya Tai ya 1997, wakia moja, kwa bei iliyo juu sana ya madini yenyewe. Anasema ni ya mwaka wa kwanza. Ninunue?

JIBU: Mwaka wa kwanza ni kweli, ila hoja yake haitoshi. Itazame kwanza: ina herufi W? Kama haina, ni ya kawaida ya wawekezaji, na thamani yake hufuata uzito: gramu 31.1, usafi wa asilimia 99.95. Dola 100 zilizoandikwa juu yake ni urembo tu. Zenye W zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, na tangu 1998 hata picha za nyuma zilianza kubadilika kila mwaka. Hapo ndipo uadimu huanza kulipiwa. Hizo ndogo, za nusu wakia kushuka chini, zilikoma baada ya 2008.

Platinamu yenyewe ina vituko. Mapema 2008 wakia ilivuka dola 2,000. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 1,000.

Muulize muuzaji huyo leo hii angeinunua kwako kwa kiasi gani. Akisitasita, ondoka. Na ukiinunua popote, usiisugue.