SOMO: UMEME WA KICHWANI NA UCHOVU WA KAZI



Katika mikutano yetu ya Busia na Tororo tumeulizwa kama kweli upo umeme wa kumfanya mtu asisinzie kazini. Upo, na umejaribiwa. Lakini haujathibitishwa kuwa dawa ya uchovu. Tujifunze.

1. Chombo chenyewe
Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani na kuunganishwa na kifaa cha betri. Umeme unaopita ni mdogo sana, miliampea 1 au 2, kwa dakika kama 20. Huzifanya chembe za ubongo ziwe nyepesi zaidi kuamka.

2. Matokeo
Jeshi la anga la Marekani limejaribu umeme huu kwa askari wake huko Ohio. Katika baadhi ya majaribio walikaa macho kwa muda mrefu zaidi. Wachunguzi wengine hawakuona faida hiyo. Wako waliowashwa ngozi, waliopata maumivu ya kichwa, hata walioungua kidogo.

Onyo: mtu asijaribu kujitengenezea. Umeme wa ukutani ni volti 240, nao unaua.

3. Tulichojua zamani
Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth alieleza uchunguzi wake juu ya waangalizi wa rada. Mtu anayekodolea macho kitu kimoja huanza kukosea baada ya nusu saa tu. Lakini waliopewa nusu saa ya kupumzika walirudi na macho mapya, bila umeme wowote.

Basi mlinzi wa tanuri la saruji Tororo, au anayelisha miwa kwenye mashine Busia, akisinzia saa tisa usiku, kosa haliko kichwani mwake. Tazameni zamu. Mwajiri akileta kofia ya umeme ili zamu iwe ndefu, anataka kununua usingizi wetu kwa bei ya betri. Ajali ikitokea, mkono unaokatika ni wa mfanyakazi.

4. Haki zetu
Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya 2007, inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Maswali ya kujadiliana
(a) Katika idara yenu, mtu hukaa muda gani mbele ya mashine moja bila kupokewa?
(b) Ajali za mwaka uliopita zilitokea saa ngapi? Andikeni, mpeleke kwenye kamati.
(c) Tudai nini katika mkataba ujao: kupokezana kazi, au mapumziko ya chai usiku?