Baruti ya mgodi si baruti ya bunduki

USALAMA NA AFYA
Somo kwa mfanyakazi na jamaa yake

Ndugu mfanyakazi, umepata konji, umekwenda kijijini kusalimia wazee. Mmekula bukari na sombe, mmepashana habari za watoto. Jioni mjomba wako anakuita kando, anasema kwa sauti ya chini:

— Mwipwa wangu, wewe unatumika kwenye karieri. Kila mara ninyi mnapasua mawe kwa baruti. Mimi hapa bunduki yangu imelala, baruti imeniishia, na simbiliki wanamaliza mihogo yangu. Safari ijayo uniletee kidogo tu, ya kujaza mkono mmoja.

Ni mjomba wako. Labda ndiye aliyekulipia masomo. Utamjibu nini?

Wengi wanajibu: «Mjomba, shefu atanifukuza.» Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mjomba atafikiri kwamba wewe ni mwoga, au kwamba mji umekufundisha choyo. Kuna jibu lingine lenye nguvu zaidi: «Mjomba, kitu hicho kitakuua.» Ili uweze kusema hivyo na kueleza sababu, soma somo hili mpaka mwisho, kiisha lisome tena pamoja na bibi yako na watoto.

1. Ndani ya kartushi mna nini?

Kartushi moja ina vitu vinne. Kwanza ganda la shaba nyeupe. Pili kapsuli, ile sarafu ndogo iliyo chini ya ganda, ambayo inatoa cheche ikipigwa na msumari wa bunduki. Tatu baruti. Nne risasi yenyewe, inayoruka.

Kapsuli inawasha baruti. Baruti inaungua na kugeuka moshi wenye joto kali. Moshi unataka nafasi kubwa kuliko ganda, basi unaisukuma risasi mbele ndani ya mtutu. Sikia neno hilo: unaisukuma. Baruti ya bunduki inaungua upesi sana, lakini inaungua. Risasi inapita ndani ya mtutu karibu muda wa sekunde moja iliyogawanywa mara elfu. Kwetu huo si muda, lakini kwa chuma ni muda wa kutosha kupokea nguvu bila kupasuka.

2. Kuungua na kulipuka

Baruti ya mgodi haiungui namna ile. Inalipuka. Alfred Nobel, mtu wa Sweden, alipata hati ya dinamiti mwaka 1867. Kabla ya hapo alikwisha kutengeneza fataki ya kuiamsha. Tangu siku zile kazi ya baruti ya mgodi ni moja: kuvunja mwamba. Hata ile ya chembe nyeupe iliyochanganywa na mafuta ya mazuti, ambayo inamwagwa katika mashimo ya karieri nyingi, mlipuko wake unakimbia mita 3 000 na zaidi kila sekunde.

Chukua mfano. Wagoni iliyojaa madini imesimama kwenye reli. Watu kumi wakiisukuma pamoja, inaanza kutembea, na hakuna kinachoharibika. Lakini ukiipiga kwa nyundo kubwa sana, kwa pigo moja, wagoni haitembei: inavunjika. Baruti ya bunduki ni wale watu kumi. Baruti ya mgodi ni ile nyundo.

Sasa tia nyundo ile ndani ya mtutu wa bunduki, karibu na uso wa mjomba. Pengine itakataa kuwaka, naye atacheka na kusema kwamba baruti yenu ni mbovu. Pengine itawaka nusu. Pengine italipuka na kupasua mtutu vipande vipande. Hakuna mtu, hata fundi mkubwa wa karieri, anayeweza kusema mbele ni lipi litatokea. Hiyo ndiyo hatari: mara ya kwanza inaweza kumdanganya.

3. Tazama wale wanaojua kupima

Kuna mahali ambapo watu wanajaza kartushi zao wenyewe nyumbani, na sheria inawaruhusu. Katika mashamba ya Marekani kuna wanyama wadogo wachimba mashimo, kama marmota, wanaoharibu malisho na mimea, sawa na simbiliki kwetu. Kwa kuwapiga kutoka mbali, wawindaji wa huko wanatumia bunduki za mdomo mdogo. Kartushi inayoitwa .222 Remington, iliyotoka mwaka 1950, risasi yake ina unene wa milimita 5,7 tu. Inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita zaidi ya 900 kila sekunde.

Wengi wao wanaokota maganda yaliyopigwa, wanayasafisha, wanatia kapsuli mpya, baruti na risasi. Wanafanya hivyo kwa kupunguza gharama na kwa kupata shabaha iliyo sawa kila mara.

Unafikiri wanatia baruti kiasi gani? Kwa ile .222, gramu moja na nusu hivi. Kwa ndugu yake mdogo, .22 Hornet, haifiki hata gramu moja. Ni kama ncha ya kijiko cha chai! Lakini hiyo kidogo inaleta ndani ya .222 nguvu ya kusukuma inayoweza kufika bar 3 700. Tairi la kamioni linajazwa upepo wa bar 7 au 8. Fanya hesabu, utaelewa kwa nini kosa dogo sana linatosha kupasua chuma.

Kwa hiyo watu wale wana kanuni, nao wanazifuata kama fundi wa umeme anavyofuata zake:

— Wanapima kwa mizani midogo, si kwa macho wala kwa kizibo cha chupa.
— Wanafuata kitabu cha kiwanda, kinachoandika kipimo kwa kila aina ya baruti na kwa kila uzito wa risasi.
— Wanaanza na kipimo cha chini. Wakibadili kitu kimoja tu, hata kapsuli, wanarudi chini na kuanza tena.
— Mezani wanaweka aina moja ya baruti. Kwa sababu baruti mbili zinaweza kufanana kabisa rangi na chembe, kumbe nguvu zao si sawa. Rangi haisemi nguvu.
— Baruti ambayo haina jina kwenye kopo lake, hawaitumii kamwe. Wanaitupa kwa njia ya salama.
— Hawavuti sigara hapo, hawanywi pombe, hawazungumzi na wageni.

Na pamoja na hayo yote, bado kuna bunduki zinazopasuka kwa sababu mtu alitia kipimo mara mbili bila kujua. Kama mwenye mizani, kitabu na bunduki ya kiwanda anaweza kuumia, mwenye kukisia kwa mkono atapona namna gani?

4. Bunduki ya pupu

Huko vijijini bunduki nyingi ni za pupu: zimetengenezwa na wahunzi, na zinajazwa kwa mbele. Zilizoea baruti nyeusi ya zamani, ile ya makaa, kiberiti na shura, ambayo inatoa moshi mwingi. Hata na baruti hiyo zinaumiza watu, kwa sababu mtutu mara nyingi ni bomba la maji au la gari, halikufanywa kwa kazi ile.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi. Ndiyo aina inayotiwa leo katika kartushi za kiwanda. Ina nguvu kushinda ile nyeusi mara nyingi. Basi mtu anayefungua kartushi za kiwanda na kumwaga baruti yake katika pupu, kwa kipimo kile kile alichozoea, ametengeneza bomu. Bomba linafunguka kama ua, na mkono wa kushoto, ulioshika mtutu, unaondoka kwanza.

Kumbuka pia kwamba sheria ya nchi yetu juu ya silaha na risasi, ya mwaka 1985, inataka kibali kwa mwenye bunduki. Na baruti ya mgodi inahesabiwa kila siku, inapotoka stoo na inaporudi. Anayeichukua ni mwizi, na pia anaweza kuwa mwuaji wa mtu wa nyumba yake.

5. Fataki: kidole kidogo kinachokula mkono

Fataki ya mgodi ni bomba dogo linalong'aa, lenye uzi au nyaya za rangi. Watoto wanazipenda nyaya hizo kwa kufanyia vigari. Lakini ndani ya bomba hilo mna kitu kinachoamka kwa joto, kwa pigo, kwa kusuguliwa, na zile za umeme hata kwa batri ya redio.

Fataki haifunguliwi kwa koleo, wala kwa kisu, wala kwa meno. Haichomwi pamoja na takataka. Haiwekwi mfukoni. Mtoto akiiona karibu na karieri ya zamani au katika lundo la mawe, afanye mambo matatu tu: asiiguse, aweke alama mbali kidogo, aende kumwambia mtu mzima. Nawe mzazi, usimpige kwa sababu alifika mahali alipokatazwa. Ukimpiga leo, kesho ataificha.

6. Risasi jikoni

Lugha yetu inatufundisha: risasi ya bunduki na risasi ya madini ni jina moja. Wawindaji wanayeyusha risasi ya batri za zamani ili kutengeneza vidonge vya pupu. Risasi inayeyuka kwenye joto la digrii 327, basi mbabula ya makaa inatosha. Na mara nyingi sufuria ni ile ya mama.

Mama, sikia vema. Vumbi na moshi wa risasi vinaingia mwilini kwa pumzi na kwa mdomo. Mwili wa mtoto mdogo unapokea risasi kuliko wa mtu mzima mara nne au tano. Inaharibu damu, figo na zaidi ubongo: mtoto anakuwa mzito kujifunza, anakasirika ovyo, tumbo linamwuma. Mimba nayo inapata hatari. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Tusitafute mfano mbali. Huko Kabwe, ng'ambo ya mpaka katika Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulianza mwanzo wa miaka ya 1900, ukafungwa mwaka 1994. Mgodi ulikufa, lakini vumbi lilibaki katika lupango. Miaka mingi baadaye waganga wamekuta bado risasi nyingi katika damu ya watoto wanaocheza chini.

Basi: risasi isiyeyushwe nyumbani. Sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo isirudi kupika, hata ikisuguliwa kwa mchanga. Anayeshika risasi au batri anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Nyama ya pori iliyopigwa kwa vidonge, kata na kutupa sehemu yote inayozunguka tundu.

7. Kama ajali imekwisha kutokea

— Damu inatoka: kandamiza kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia, mpaka hospitali.
— Kidole kimekatika: kifunge katika kitambaa safi, kitie katika mfuko wa plastiki, kipeleke pamoja na mgonjwa.
— Mwili umeungua: mwagia maji safi ya baridi muda wa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala majivu.
— Jicho limeingiwa na kitu: usilisugue, usichomoe kitu, lifunike bila kulikandamiza.
— Mwambie mganga kweli ni baruti gani. Ukidanganya kwa kuogopa, unamnyima mgonjwa dawa yake.

8. Turudi kwa mjomba

Sasa una jibu. Sema hivi: «Mjomba, baruti yetu inavunja mlima. Bunduki yako si mlima. Nikikuletea, nitakuwa nimekuletea kifo kwa mkono wangu, nawe ulinilea. Lakini kesho asubuhi tutakwenda pamoja shambani. Tutafyeka majani marefu pande zote, kwa sababu simbiliki hapendi kupita mahali palipo wazi. Kiisha tutafunga uzio. Mwisho wa mwezi nitatuma franga za kumlipa kijana wa kusaidia.»

Hilo ni jibu la mwipwa mwenye heshima. Mjomba atabaki na mihogo yake, na mikono yake miwili ya kuilima.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Kuungua na kulipuka vinaachana namna gani? Mweleze mtoto wako kwa mfano wa wagoni.
2. Kwa nini rangi ya baruti haiwezi kutuambia nguvu yake?
3. Katika lupango yetu kuna batri ya zamani, ganda la kartushi au waya wa fataki? Nani atakwenda kutoa habari, na lini?
4. Mtoto akikuta bomba dogo linalong'aa, mambo matatu atakayofanya ni yapi? Ayaseme yeye mwenyewe.

Ukiweza kujibu yote bila kutazama karatasi, mpe jirani gazeti hili.