Chumvi, Chupa na Shimo la Taka

Hapa Tabaka, Kisii, hatuna uhaba wa mashimo. Mengine tumeyachimba wenyewe nyuma ya jikoni, mengine yameachwa na wachimbaji wa mawe ya sabuni. Shimo likiwa wazi, taka hazikawii kufika. Tunatupa, tunafukia, tunapanda ndizi juu, tunasahau. Lakini mvua ya Kisii, inayopita milimita 1,500 kwa mwaka, hushuka hadi kwenye taka hizo.

Fanya jaribio hili na watoto. Chukua chupa mbili za plastiki, uzikate vitako, utoboe vifuniko kwa msumari. Zisimamishe kichwa chini juu ya majagi ya lita moja, uweke kitambaa shingoni, kisha udongo wa shambani hadi theluthi. Katika moja, fukia vijiko viwili vikubwa vya chumvi, iwe mfano wa taka. Mimina lita moja ya maji ya mvua katika kila chupa, kidogo kidogo. Maji yaliyochuruzika yaache yatulie usiku kucha. Usishangae ya chumvi yakiwa ndiyo angavu zaidi.

Sasa chota nusu kikombe cha kila moja (kuni zina bei), uchemshe kwenye sufuria mbili mpaka yakauke. Moja itabaki na ukoko mweupe. Usiuonje.

Udongo haukuizuia chumvi; ulipitisha kilichoyeyuka. Na moto tunaoutegemea uliondoa maji tu, chumvi ikabaki. Endelea kuchemsha maji ya kunywa, kwani vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa. Lakini nitrati, kemikali itokayo kwenye mabaki yanayooza na nepi zenye kinyesi, haifi, kwa kuwa haiko hai. Haina rangi wala harufu. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa kwa maji yenye nitrati nyingi anaweza kukosa oksijeni mwilini, midomo ikageuka buluu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Cha madini ya risasi, yaliyomo katika betri za gari na baadhi ya zile za sola, ni miligramu 0.01 tu. Udongo huishika risasi kwa muda, lakini majimaji machachu ya taka huilegeza.

Chupa zako haziwezi kukuambia kama chemchemi yenu ni salama. Maabara ndiyo hujua. Ukimwendea afisa wa afya ya umma, mwombe apimishe nitrati na risasi pia, si vijidudu peke yake, na sampuli ichukuliwe kiangazi na tena baada ya mvua kubwa.

Shimo la taka liwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji, na kwenye milima yetu liwe upande wa chini wa chemchemi. Maganda na majani yafanye mboji. Betri za tochi zihifadhiwe kwenye mkebe mkavu, mbali na watoto. Za sola na za gari mrudishie aliyekuuzia.