Bampa la Faiba Kabla ya Rangi: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya wameandikiwa mafundi rangi na vijana wao wa gereji za pembeni mwa barabara, kuanzia Tinde kupitia Kagongwa mpaka Kahama. Wenye magari nao wasome, maana nusu ya uharibifu huanzia kwenye haraka zao. Rangi ikibanduka kwenye bampa, mara nyingi kopo la rangi halina kosa. Kosa lilifanyika mapema, saa ya kuosha, au saa iliyopaswa kuwa ya kuosha.

Jua kwanza unachokishika. Geuza bampa uangalie mgongo wake. La kiwandani lina herufi: PP ni plastiki laini inayokataa rangi, ABS ni plastiki ngumu inayoshika rangi vizuri lakini inaogopa thina. Ukikuta mgongo una nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, hiyo ni faiba. Usitumie dawa moja kwa zote tatu. PP bila praima yake ya plastiki itaachia rangi kwa vipande hata ukiisugua namna gani.

Usiamini kwamba bampa jipya ni safi. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Anayetengeneza faiba hupaka nta ndani ya kalibu ili kitu kisigande humo. Wengine juu ya nta huongeza utando wa PVA. Bampa likitoka, mabaki ya vyote viwili yanatoka nalo, hayaonekani kwa macho, na ule mng'ao unaomfurahisha mteja huenda ni nta tupu. PVA huyeyuka kwa maji, nta haiyeyuki. Ndiyo maana anayeishia kwenye sabuni amefanya nusu ya kazi, na anayeruka sabuni akaenda moja kwa moja kwenye dawa ya kuondoa nta naye amefanya nusu nyingine. Hata wale watu wazima wa Ulaya na Japani wanaounda vigari vya resini vya kuweka kabatini husugua kila kipande kwa mswaki na sabuni kabla ya rangi, na kigari chenyewe hakitaguswa na mvua maisha yake yote.

Faiba mpya ianike juani siku moja au mbili kabla ya kuigusa. Joto huifanya resini ikomae, na vitundu vilivyojificha chini ya ngozi yake hujitokeza sasa, ukiwa bado na nafasi ya kuviziba kwa puti.

Osha kabla ya msasa. Narudia, kabla. Ukipitisha msasa juu ya nta, huiondoi. Unaisukuma ndani ya mikwaruzo unayoichora, na humo hakuna kitambaa kitakachoifikia. Mpangilio ni huu: maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, dawa ya kuondoa nta na grisi, ndipo msasa, halafu dawa tena. Sabuni isiwe ile yenye losheni ya kulainisha mikono. Losheni ni mafuta.

Usioshee maji ya dimbwi wala ya ndoo iliyokwisha kuoshea spea. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Kagongwa kwa mradi wa Isaka–Kagongwa, kisingizio cha zamani cha kukosa maji safi kimekwisha.

Usifutie petroli. Najua ni rahisi kuipata, na najua nani alikufundisha. Petroli huacha utando wake juu ya kile ulichodhani umekisafisha, na mvuke wake hutambaa chini kutafuta cheche ya mashine ya kuchomelea ya jirani. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, moto wa petroli uliua zaidi ya watu 100. Thina nayo usiimwage ovyo: hulainisha ABS, na faiba ambayo haijakomaa huivimbisha.

Tumia vitambaa viwili. Cha kwanza kina dawa, cha pili kikavu kinafuata nyuma yake kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, mafuta yaliyokuwa yameyeyuka yanarudi kulala palepale. Fanya eneo dogo kwa wakati mmoja, na geuza kitambaa mara kwa mara. Fulana ya mtumba iliyofuliwa bila kilainisha nguo inatosha. Vitambaa vilivyolowa dawa usivirundike kwenye kona ya banda. Vitandaze nje vikauke.

Pima kwa maji. Mwagia bampa maji safi. Yakitandaa kama shuka, endelea. Yakijikusanya matone, nta bado ipo. Rudi kwenye dawa, usibishane.

Usiruhusu dawa ya kung'arisha tairi au dashibodi karibu na banda la rangi. Nyingi zina silikoni, na chembe yake ikitua kwenye bampa, rangi itajitenga na kuacha vishimo vya duara. Anayeosha magari jirani yako na kupuliza dawa hiyo upepo ukija kwako ni adui wa kazi yako, hata kama ni shemeji.

Msasa namba 320 au 400 unatosha kabla ya praima, kisha 600 hadi 800 wa maji kabla ya rangi. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu: vaa barakoa, funika mikono, sugua kwa maji. Ukishamaliza kuosha faiba usiipige praima siku hiyohiyo kwa kuiona kavu. Maji hukaa kwenye kingo na matundu ya boliti, na jua likiwaka rangi itatoka malengelenge.

Usilishike bampa kwa mkono mtupu baada ya dawa ya mwisho. Hasa mkono uliotoka kwenye chipsi mayai. Glavu.

Toa maji kwenye tangi la kompresa kila asubuhi, na angalia kama haitemi oili. Haina maana kuondoa mafuta kwa siku nzima kisha uyapulizie mwenyewe.

Usipige rangi mashine za mpunga zikiwa zinafanya kazi upande upepo unakotokea. Kagongwa ni mji wa mchele, pumba na vumbi lake havikuombi ruhusa, na kiangazi malori ya Rwanda na Burundi huongeza la barabarani. Piga rangi alfajiri. Mwagia sakafu maji.

Mwisho, kwako mwenye gari la kutoka Kakola unayelitaka jioni hii hii: usimwombe fundi apunguze bei kwa kuruka kuosha. Na wewe fundi, usikubali. Akikubana sana, mpunguzie kwa kutopaka rangi upande wa ndani wa bampa, ambao hakuna atakayeuona, na umwambie arudi keshokutwa.