Dondoo Muhimu: Kuazimana Vitabu Kijijini Ozi

Kabla ya kumpa jirani kitabu ukipendacho:

1. Muulize kwanza alichosoma kikamkolea. Usimtwike ladha yako.
2. Aliyependa *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996), mpe *Kufa Kuzikana* ya mwandishi huyohuyo. Mpenzi wa upelelezi aanze na *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla.
3. Usisimulie mwisho, hata akikusihi.
4. Andika daftarini jina na tarehe, hata kwa ndugu.
5. Ukivuka mto na kitabu, kitie kwenye ndoo yenye kifuniko. Mto Tana ukifurika, kiweke darini. Kikilowa, kianike kivulini.
6. Msomee mzee asiyeona vizuri, kisha mwombe akusimulie habari za shujaa Fumo Liyongo, ambaye masimulizi humzika pande hizi za Ozi na Kipini.