Seraphino Antao: Mtimkaji wa Mombasa Aliyetutangulia

Wahenga walinena: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Kenya yetu ni nahodha wa mbio ndefu ulimwenguni. Ukitaja mita 5,000, mita 10,000 au marathoni, hata mtoto wa shule ya msingi atakutajia majina ya Wakenya bila kufikiri. Lakini hebu muulize jirani yako darasani: ni Mkenya yupi wa kwanza kuleta nyumbani dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola? Wengi watasema ni Kipchoge Keino. La hasha! Ni Seraphino Antao, kijana wa Mombasa. Tena hakuipata katika mbio ndefu. Aliipata katika yadi 100, mbio ambazo humalizika kabla hujakohoa mara mbili.

Nimeamua kuandika makala haya kwa sababu ya usemi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi, bwenini na hata uwanjani wakati wa michezo: "Mkenya hana mbio fupi. Hizo ni za Wamarekani na Wajamaika." Usemi huu umewafanya wenzetu wengi wenye kasi kukata tamaa kabla ya kujaribu. Wakishinda mita 100 siku ya michezo ya mabweni, wanapigiwa makofi, basi yameishia hapo. Ndugu msomaji, nifuate polepole uone kwamba usemi huo hauna mashiko.

MAISHA YAKE YA RIADHA

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa mwaka wa 1937, katika jamii ya Wagoa, yaani watu ambao asili yao ni Goa huko India. Mwaka wa 1960 alishiriki Michezo ya Olimpiki mjini Roma. Hakurudi na medali, lakini hakutundika viatu.

Mwaka wa 1962 ndio uliokuwa mwaka wake. Kwanza alikwenda Uingereza akashinda yadi 100 na yadi 220 katika mashindano makuu ya riadha ya nchi hiyo. Kisha, mwezi wa Novemba, akafika Perth, Australia, kwa michezo ambayo leo tunaiita ya Jumuiya ya Madola. Kenya ilikuwa bado chini ya mkoloni. Uhuru wetu ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Tulikuwa tumeshiriki michezo hiyo mwaka wa 1954 na 1958 bila kupata dhahabu hata moja. Antao akashinda yadi 100 kwa sekunde 9.5, akimwacha nyuma Tom Robinson wa Bahamas. Baadaye akashinda yadi 220 pia. Dhahabu mbili, mtu mmoja!

Hapa tufanye hesabu kidogo. Yadi 100 ni mita 91.44. Ukigawanya kwa sekunde 9.5 unapata zaidi ya mita 9.6 kwa kila sekunde, yaani karibu kilomita 35 kwa saa. Hiyo ni kasi ya wastani, ukihesabu na ule wakati alipokuwa akinyanyuka kutoka chini!

Mwaka wa 1964, Kenya ilipokwenda Olimpiki ya Tokyo kwa mara ya kwanza ikiwa nchi huru, aliyebeba bendera yetu alikuwa yeye Antao. Safari hiyo hakupata medali. Aliyeipata alikuwa Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, na hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Baada ya hapo medali zikafuatana katika mbio za kati na ndefu, na macho ya watu yakazifuata medali. Antao aliishi Uingereza baadaye, akafariki London mwezi wa Septemba 2011 akiwa na umri wa miaka 73.

MBIO FUPI ZINAVYOKWENDA

Watu hudhani kwamba mtimkaji huongeza kasi mpaka kwenye utepe. Sivyo. Mbio za mita 100 zina sehemu tatu. Ya kwanza ni kuondoka: bastola ikilia, mwanariadha husukuma ardhi kwa nguvu, mwili ukiwa umeinama. Ya pili ni kuongeza kasi, akiinuka kidogo kidogo mpaka asimame wima. Ya tatu ni kuishikilia kasi ile isimponyoke. Hata Usain Bolt wa Jamaika, alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka wa 2009, kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kati ya mita ya 60 na ya 80. Kutoka hapo kila mtu hupungua. Ukimwona mtu "akichomoka" mwishoni, mara nyingi si kwamba ameongeza mwendo. Ni wenzake wamepungua zaidi yake. Mambo haya matatu hufunzwa na kurudiwa, hayaji kwa kuzaliwa tu.

JE, NI MILIMA?

Wengine husema, "Sisi ni watu wa milimani, miili yetu ni ya mbio ndefu." Hapa fizikia inawapinga. Milimani hewa ni nyepesi. Mkimbiaji wa mbio ndefu hutaabika huko mpaka mwili uzoee, kwa sababu anahitaji oksijeni nyingi. Lakini mtimkaji anakimbia kwa sekunde kumi tu. Nguvu zake nyingi amekwisha kuziweka misulini, na hewa nyepesi humzuia kidogo kuliko hewa nzito ya pwani. Ndiyo sababu rekodi kadhaa za mbio fupi zilivunjwa Mexico City mwaka wa 1968, mahali palipo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Huko Jim Hines wa Marekani alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95. Yaani mlima haumnyimi mtimkaji kitu. Naye Antao alitoka Mombasa, ufuoni mwa bahari. Basi si mlima wala si pwani.

Isitoshe, Wakenya wanne, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, walishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 kwa wanne kupokezana vijiti mjini Munich mwaka wa 1972. Na mnamo Septemba 2021, pale Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mwaka uliofuata akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Kutoka Perth 1962 mpaka Birmingham 2022 ni miaka 60 kamili. Kama damu ya Mkenya haina kasi, hawa walitoka wapi? Kilichokosekana katika miaka hiyo mingi si damu, ni kuwatazama vijana wenye kasi na kuwafunza.

Basi, wenzangu, na nyinyi walimu wetu wa michezo, ombi langu ni dogo. Anayeshinda mita 100 mwaka huu asiambiwe "ahsante, nenda ukajaribu mbio za nyika." Afunzwe kuondoka, afunzwe kuinuka, afunzwe kushikilia kasi. Kuna aliyetutangulia, na njia aliiacha wazi.

MSAMIATI
Mtimkaji – mkimbiaji wa mbio fupi.
Kupokezana vijiti – mbio ambazo wenzi hupeana kijiti kwa zamu.
Utepe – uzi au mstari wa kumalizia mbio.
Mbio za nyika – mbio ndefu zinazokimbiwa nje ya uwanja.

MASWALI
1. Kwa nini mwandishi anaanza na methali ya baharia na nahodha?
2. Eleza kwa nini hewa ya milimani haimdhuru mtimkaji.
3. Tunga sentensi mbili ukitumia maneno "kasi" na "kaza".