Ushauri ni Amana: Darsa la Hijra kwa Wanaosaidia Kampuni Kuhama Ofisi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kagugu, sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, hapa Kigali. Nilipata kazi ya muda katika kikundi cha watu watatu kinachosaidia kampuni kutafuta ofisi, kukubaliana na wenye majengo na kuhama. Mimi nilikuwa wa nne na mdogo kuliko wote. Nilidhani kazi hii haihusiani na masomo yangu ya dini. Ndani ya wiki tatu nikajua kwamba mlango wa ijara niliousoma darasani sikuwa nimeuelewa.

Katika darsa hili nitaeleza kosa nililolifanya, kisha tutazame Sira na fiqhi zinasema nini kuhusu watu wanaoshirikiana kumshauri mtu anayehama.

Kazi yenyewe ikoje

Watu wengi wakisikia "kutafuta ofisi" humfikiria dalali, au komisiyoneri kama tunavyosema Kigali, anayekupeleka kuona nyumba na kusubiri chake. Kazi ya kikundi chetu ilikuwa pana zaidi, na kila mtu alikuwa na sehemu yake.

Mama aliyekiongoza kikundi ndiye aliyezungumza na mteja: wafanyakazi ni wangapi, wanapokea wageni au hawapokei, wengi wanatoka mitaa gani, bajeti ni kiasi gani. Dada wa hesabu alilinganisha bei. Jengo moja linaweza kuonekana rahisi, kumbe mita za mraba unazolipia zinajumuisha fungu lako la ngazi na korido, na bei waliyokutajia haina VAT ya asilimia 18. Kuna pia gharama ya jenereta, ulinzi na usafi. Kaka wa mikataba alisoma karatasi: muda wa upangaji, kodi inapanda lini na kwa kiasi gani, nani anatengeneza paa likivuja, notisi ni ya miezi mingapi, na pesa za dhamana zitarudi kwa masharti gani.

Kazi yangu mimi ilikuwa kwenda kuona majengo na kuandika ripoti: maji, umeme, intaneti, maegesho, barabara wakati wa mvua, na namba ya kiwanja.

Namba hiyo ina uzito. Kila kiwanja kilichosajiliwa Rwanda kina namba yake, UPI, na kwa namba hiyo mtu anaweza kuangalia mpango mkuu wa jiji unaruhusu nini mahali pale. Wakazi wa Kigali wanakumbuka mwaka 2017, pale Jiji lilipozitaka ofisi na biashara zilizokuwa ndani ya nyumba za makazi zihamie kwenye majengo ya biashara. Aliyepanga bila kuangalia anaweza kujikuta anafungasha tena meza zake kabla mkataba haujaisha.

Kosa langu

Mteja wetu alikuwa kampuni ndogo ya programu za kompyuta, yenye wafanyakazi wapatao 20. Nilitumwa kuona nyumba moja ya ghorofa hapa hapa Kagugu, si mbali na kwetu. Nyumba nzuri, ina bustani, ina nafasi ya magari. Mwenye nyumba alinikaribisha kwa heshima, akanipa soda. Nilipomuuliza kuhusu matumizi ya ofisi, akasema, "Hilo linashughulikiwa, mwanangu, usiwe na wasiwasi." Nilipokuwa natoka akanitia bahasha mkononi. "Ya nauli," akasema.

Nilikuja kwa miguu. Nauli ya nini? Nilifungua njiani nikakuta pesa ambazo zingenipeleka kwa moto mpaka katikati ya jiji na kunirudisha kila siku kwa mwezi mzima.

Sikupanga kumdhulumu mtu. Lakini nilipoketi kuandika ripoti, mkono ulikuwa mwepesi kwenye sifa na mzito kwenye maswali. Kwenye sehemu ya matumizi niliandika "sawa". Namba ya kiwanja niliiacha wazi. Bahasha sikumtajia mtu.

Mteja aliipenda nyumba ile, na siku ya kulipa kodi ya miezi mitatu ya mwanzo ikapangwa. Siku mbili kabla yake, kaka wa mikataba akaniuliza mbele ya wote, "Mdogo wangu, UPI iko wapi?" Sikuwa na jibu. Akaitafuta mwenyewe, akaangalia, akatugeuzia kompyuta tuone: kiwanja kiko katika eneo la makazi tu.

Kikao kikawa kimya. Ningeweza kusema nimesahau, na wangeniamini. Nilisema yote, pamoja na bahasha.

Hadithi ya Ibn al-Lutbiyya

Usiku ule nilikumbuka Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu wa kabila la Azd aliyeitwa Ibn al-Lutbiyya. Mtume (S.A.W) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi aligawa alichokuja nacho mafungu mawili: hiki chenu, na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hizo zingemfuata?

Na mimi nikajiuliza: ningekuwa nimekaa nyumbani kwa mama yangu, umbali wa dakika chache tu, mzee yule angeniletea bahasha?

Tuelewane, ndugu zangu. Ujira wa dalali si haramu kwa asili yake. Imam al-Bukhari ameweka mlango maalumu kuhusu ujira wa udalali, na ametaja kwamba Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na al-Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Ubaya unaingia pale anayekutuma ni mmoja na anayekulipa kwa siri ni mwingine. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba anayeombwa ushauri amekabidhiwa amana. Anayekuomba ushauri amekupa sehemu ya uamuzi wake. Ukiiuza sehemu ile kwa mtu mwingine, umeuza kisichokuwa chako.

Hijra: uhamaji uliofanywa na kikundi

Tukitafuta katika Sira mfano wa kuhama kulikopangwa vizuri, hatuna haja ya kwenda mbali. Tazameni Hijra yenyewe, namna kila mtu alivyokuwa na kazi yake.

Abdullah, mtoto wa Abu Bakr, alikuwa kijana. Mchana alikuwa Makka akisikiliza mipango ya Maquraishi. Usiku alileta habari kwenye pango la Thawr, na kabla ya alfajiri alisharudi mjini. Amir bin Fuhayra alipeleka mbuzi na kondoo karibu na pango ili wapate maziwa. Bi Asma alifunga chakula cha safari kwa mshipi wake. Ali (R.A), kama wanavyosimulia waandishi wa Sira, alibaki Makka kurudisha amana za watu, kisha akafuata.

Na njia je? Bi Aisha (R.A) anasimulia katika Bukhari kwamba walimwajiri mtu wa Banu al-Dil, mjuzi wa njia, ambaye bado alikuwa katika dini ya Maquraishi. Walimwamini, wakamkabidhi ngamia wao wawili, wakaahidiana kukutana Thawr baada ya siku tatu. Akaja. Imam al-Bukhari ameiweka Hadithi hii katika Kitabu cha Ijara, mlango wa kuwaajiri washirikina inapokuwapo dharura.

Nimejifunza mambo matatu hapa.

Kwanza, kila sehemu ilitegemea nyingine. Kama Abdullah angeleta habari za uongo, maziwa ya Amir yasingewaokoa. Katika kikundi chetu, hesabu za dada zilikuwa sahihi na mkataba wa kaka ulikuwa umenyooka, lakini vyote vilisimama juu ya neno langu moja, "sawa".

Pili, waliangalia ujuzi na uaminifu pamoja. Ndizo sifa mbili alizozitaja binti wa mzee wa Madyan katika Suratul Qasas, aya ya 26, alipompendekeza Musa (A.S) aajiriwe: nguvu na uaminifu. Mimi nilikuwa na miguu ya kutembea na macho ya kuona, lakini sifa ya pili niliipoteza getini.

Tatu, kuhama hakuishi kwa kufika. Mahali ulipotoka pana haki za watu. Kampuni inayohama inatakiwa irudishe funguo, imalize bili za maji na umeme, itengeneze ilichoharibu, na irekebishe anwani yake RDB na kwa watu wa kodi. Mshauri anayemwacha mteja mara tu komisheni inapoingia ameiacha kazi nusu.

Shura inamsikiliza na mdogo

Mama wa kikundi hakunifukuza. Alimpigia mteja simu siku ile ile, akamweleza kosa ni letu, akamwomba asilipe. Mteja alikasirika, na alikuwa na haki. Mimi nilirudisha bahasha kwa mzee yule, na ujira wangu wa kazi ile sikuuchukua. Baada ya hapo tukaweka utaratibu: haendi mtu mmoja kuona jengo, na ripoti isiyo na namba ya kiwanja haisomwi.

Wiki chache baadaye mteja alipata nafasi katika jengo la biashara upande wa Gaculiro, kwa kodi ya juu kidogo. Katika kikao cha mwisho tulipanga kuhama Jumamosi, wote tukakubali. Dereva wa lori, aliyekuja kuuliza mzigo ni kiasi gani, akasema taratibu, "Lakini hiyo si Jumamosi ya mwisho wa mwezi?" Ilikuwa siku ya Umuganda, na asubuhi ile hakuna lori lingepita. Tukabadilisha tarehe.

Nilikumbuka kisa cha al-Hubab bin al-Mundhir huko Badr, kama alivyokisimulia Ibn Ishaq, ingawa wapo wanazuoni wa Hadithi walioidhoofisha isnadi yake. Aliuliza kwanza kama kambi imewekwa pale kwa wahyi au kwa rai. Alipojulishwa ni rai, alishauri wasogee kwenye kisima kilicho karibu na adui, na jeshi likahama. Hata bila kisa hicho, mafundisho ya kushauriana yamo katika Qur'ani, Aal Imran aya ya 159 na Ash-Shura aya ya 38.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Ukipewa zawadi na mtu ambaye kazi yako inamgusa, utamweleza nani, na lini?
2. Katika kamati zetu za chuo, nani anakagua kazi ya nani? Je, kukaguliwa ni kutoaminiwa?
3. Mwenzako akikiri kosa mbele ya kikundi, mfanye nini ili siku nyingine asifiche?

Swali la tatu ndilo ninaloliomba mlipe muda mrefu zaidi. Mimi nilisema kweli siku ile kwa sababu kaka aliniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka jibu tu, na akaniita "mdogo wangu".

Allah (S.W) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotunza amana zao na ahadi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.